Mchicha wa Haltom City: kulima na kupika chakula bora nyumbani kwa gharama ndogo

Leo tunaelekea Haltom City, mji wa wakazi wapatao 46,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, unaopakana na Fort Worth upande wa kaskazini mashariki, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Si mji unaotajwa mara kwa mara katika habari za dunia. Lakini katika eneo hili la Fort Worth na vitongoji vyake Kiswahili kinasikika makanisani, misikitini na katika vituo vya mabasi. Mwaka 2007 Marekani ilianza kuwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kuishi miaka mingi katika kambi za Tanzania, na kuanzia mwaka 2013 ikawapokea Wakongomani kwa makumi ya maelfu. Sehemu yao waliletwa hapa, na wengi wao walikuwa wakulima.

Mkulima huyo anapofika Texas hujikuta katika hali ya ajabu. Ardhi ni kubwa kupita kiasi, lakini yeye anaishi katika nyumba ya kupanga. Soda na kuku wa kukaanga hupatikana kwa urahisi kila kona, lakini fungu la mboga za majani aliyoizoea ama halipo dukani, ama bei yake inamfanya alirudishe pale alipolitoa. Na sasa limeongezeka jambo jingine. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi na watu waliopewa hifadhi katika orodha ya wanaostahili msaada wa chakula wa serikali, unaoitwa SNAP, ambao wengi bado wanauita kwa jina la zamani la fudi stempu, hadi watakapopata ukaazi wa kudumu. Mkimbizi haruhusiwi kuomba ukaazi huo kabla ya kutimiza mwaka mmoja nchini, na baada ya kuomba husubiri. Kisha, mwezi Novemba mwaka huohuo, shughuli za serikali kuu zilipokuwa zimesimama, hata raia waliostahili msaada huo waliupata kwa kuchelewa. Kwa familia ya watoto watano, wiki mbili za kuchelewa si jambo dogo.

Je, bustani inaweza kuziba pengo hilo? Jibu la kweli ni kwamba haiwezi kuliziba lote, na yeyote anayekuambia kuwa utalisha familia nzima kwa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hajawahi kumwagilia maji mwezi Agosti katika Texas. Lakini inaweza kuziba sehemu moja ya pengo vizuri sana, nayo ni mboga za majani. Hesabu yake ni rahisi. Mchele, unga wa mahindi, vitunguu na maharage makavu ni vyakula vya bei nafuu nchini Marekani, kwa sababu hulimwa kwa mashine na kuhifadhika kwa muda mrefu. Mkulima mdogo hawezi kushindana na bei hizo, wala hana sababu ya kujaribu. Majani ni kinyume chake. Hunyauka upesi, husafirishwa kwa majokofu, na yale tunayoyapenda sisi hulimwa na wachache. Kwa hiyo, lima majani, nunua nafaka na kunde zilizokauka. Atakayeshika hesabu hiyo hatapoteza fedha katika mwaka wake wa kwanza.

Tuanze na mbegu, maana hapo ndipo wengi hukwama. Watu huagiza ndugu walioko Kigoma au Bukavu wawawekee mbegu katika sanduku la msafiri. Tafadhali usifanye hivyo. Marekani hairuhusu kuingiza mbegu za kupanda bila vibali vya afya ya mimea, na maofisa wa uwanja wa ndege huzichukua. Tena hakuna haja. Mtu anayeishi Haltom City aende katika Barabara ya Belknap, au katika maduka mengine ya chakula ya Waasia yaliyo karibu. Wavietnamu na Walao walifika sehemu hizi kama wakimbizi miongo kadhaa kabla yetu, nao wanakula karibu majani yaleyale. Mchicha kwao ni rau dền. Matembele ni rau lang. Mlenda, ule wenye majani membamba unaoteleza, ni rau đay. Andika majina hayo matatu katika karatasi uiweke mfukoni. Utayakuta juu ya mafungu ya mboga na juu ya pakiti za mbegu pia.

Kunde haina haja hata ya pakiti ya mbegu. Ilivuka Bahari ya Atlantiki pamoja na Waafrika waliotekwa utumwani, kama ilivyovuka bamia, na leo ni chakula cha jadi cha kusini mwa Marekani. Watu wengi wa Texas huila siku ya Mwaka Mpya kwa kuamini kwamba huleta bahati. Hivyo kila duka huuza kunde kavu. Mfuko wa nusu kilo ulionunuliwa kwa ajili ya kupikwa una mbegu za kutosha kupanda ua mzima, na nyingi kati yake huota. Majani yake machanga unayachuma kama unavyoyachuma nyumbani. Majirani zako wa Texas wanajua kula punje tu, na watakushangaa kidogo.

Matembele nayo huanza na kiazi kitamu cha dukani. Chagua kilicholimwa bila kemikali, kwa kuwa vingine hutiwa dawa ya kuzuia kuchipua. Kizamishe nusu katika gilasi ya maji karibu na dirisha lenye jua mwezi Machi, na baada ya wiki kadhaa kitatoa machipukizi ya kukata na kupanda. Kama ningelazimishwa kuchagua mmea mmoja tu kwa ajili ya Texas, ningechagua huu. Hutambaa na kuufunika udongo usikauke, huvumilia joto ambalo huiua saladi kwa siku mbili, na kila unapokata ncha, huchipua mbili.

Na kwa wale wanaopokea msaada wa SNAP, kuna jambo ambalo halitangazwi vya kutosha. Tangu mwaka 1973 sheria inaruhusu kadi ya msaada huo kununulia mbegu na miche ya mimea inayozaa chakula cha familia. Haiwezi kununulia udongo, mbolea wala vyungu, lakini mbegu za bamia, nyanya na sukuma wiki unaweza kuzinunua kwa kadi hiyohiyo unayonunulia mkate, katika duka lolote linaloipokea kadi na kuuza mbegu.

Sasa tuje kwenye majira, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Sisi tumezoea kuhesabu mvua: masika na vuli. Texas huhesabiwa kwa joto na jalidi, yaani ule umande unaoganda usiku na kuua majani mororo. Katika eneo la Fort Worth jalidi ya mwisho hutokea kwa kawaida katikati ya mwezi Machi, na ya kwanza hurudi katika mwezi wa Novemba. Katikati yake kuna kiangazi ambacho si mchezo. Mwaka 2011 uwanja wa ndege wa Dallas/Fort Worth ulirekodi siku 71 ambazo joto lilifika au kupita nyuzi 100 za Farenhaiti, sawa na karibu nyuzi 38 za Selsiasi. Uwanja huohuo, Februari mwaka 2021, ulirekodi nyuzi 19 chini ya sifuri.

Maana yake ni kwamba mwaka una bustani mbili tofauti. Bustani ya kwanza ni ya joto. Mchicha, kunde na bamia hupandwa kuanzia mwezi Aprili, na matembele mwezi Mei, udongo ukishapata moto. Bustani ya pili, ambayo wageni wengi huikosa, ni ya baridi. Sukuma wiki haipendi Julai ya Texas. Majani yake huwa magumu na machungu, na wadudu huyatoboa yote. Ipande mwishoni mwa Agosti au Septemba, na utaichuma Oktoba, Novemba, mara nyingi hadi baada ya Krismasi. Jalidi nyepesi haiiui. Hata huifanya iwe tamu zaidi, kwa kuwa mmea huongeza sukari ndani ya majani ili usigande. Spinachi, figili, karoti na kitunguu saumu nazo ni za majira hayo. Baridi ikizidi, tandika shuka kuukuu juu yake usiku na uliondoe asubuhi. Wapandaji wa sukuma wiki hawana haja ya kutafuta mbegu za Kenya. Mmea uitwao collard hapa kusini mwa Marekani ni ndugu yake wa karibu kabisa, na mbegu zake zipo kila mahali.

Ndugu zetu wa Houston, kilomita zipatazo 400 upande wa kusini mashariki, wana nafuu na adha zao. Jalidi yao huisha mapema na mvua ni nyingi zaidi, hivyo mbaazi na hata muhogo hustawi vizuri zaidi huko. Katika jiji hilo shirika la Plant It Forward limewapa wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, mafunzo na mashamba madogo ndani ya jiji tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, nao huuza mboga zao masokoni. Huku Tarrant muhogo hufa kila kipupwe. Anayetaka kisamvu atanunua kilichogandishwa katika maduka ya Kiafrika, na kumbuka kukichemsha vizuri, bila kufunika sufuria, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kupikwa.

Jambo la tatu ni udongo. Udongo mwingi wa sehemu hii ni mfinyanzi mzito. Ukilowa hushika jembe kama gundi, ukikauka hupasuka nyufa za kuingia kiganja. Hapa niruhusu nikiri kosa langu mwenyewe. Msimu wangu wa kwanza nilifanya kile nilichomwona bibi yangu akifanya: nilimwaga majivu ya mkaa juu ya tuta la mchicha. Baada ya majuma machache majani yakageuka rangi ya njano, mishipa ikabaki kijani, na mimi nikaongeza majivu. Majivu hupunguza tindikali, na kwa hiyo ni dawa nzuri katika udongo mwekundu wenye tindikali wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Udongo wa huku tayari una chokaa nyingi. Ukiongeza majivu, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamejaa tele ardhini. Kinachofaa hapa ni mboji: majani makavu yanayookotwa bure wakati wa vuli, maganda ya ndizi na viazi, nyasi zilizofyekwa ambazo hazikupuliziwa dawa, yote yakirundikwa kona moja na kulowanishwa mpaka yaoze na kuwa meusi.

Kuna hatari moja isiyoonekana kwa macho. Nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1978 huenda zilipakwa rangi zenye madini ya risasi, ambazo zilipigwa marufuku mwaka huo, na nyumba nyingi za Haltom City ni za kale kuliko hapo. Rangi hiyo ikibanduka hubaki udongoni karibu na kuta, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kama nyumba yako ni ya zamani, usilime chini ya kuta zake. Lima mbali nazo, au panda katika boksi la mbao lililojazwa udongo mpya. Mbao zilizotumika za zamani nazo zisitumike, kwa kuwa mbao nyingi zilizouzwa kabla ya mwaka 2004 zilitiwa dawa yenye aseniki. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Texas A&M hupima udongo wa wananchi kwa ada ndogo; unatuma sampuli kwa posta.

Na yule asiye na ua, anayeishi ghorofa ya pili na kibaraza kidogo? Kwake kuna mfano mzuri kutoka nyumbani. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza kilimo cha magunia katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya mawe ili maji yateremke hadi chini, na ubavuni hutobolewa matundu ambamo sukuma wiki hupandwa. Gunia moja hubeba miche mingi katika eneo dogo kuliko meza. Kanuni hiyo inafaa Texas, ila gunia hukauka upesi mno hapa. Ndoo ya plastiki ya galoni 5, yaani lita zipatazo 19, inafaa zaidi. Tumia iliyobebea chakula, ambayo migahawa mingine huitoa bure ukiomba kwa adabu, na uitoboe chini. Iweke palipo na jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Mwezi Julai itahitaji maji kila siku, alfajiri. Kabla ya yote hayo, mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi. Nimeona watu wakiambiwa waondoe ndoo zao zikiwa zimejaa mboga.

Maji ni gharama, na ndiyo yanayoweza kuigeuza bustani ya bei nafuu kuwa anasa. Funika udongo kwa matandazo ya nyasi au majani makavu, unene wa vidole vinne, na utapunguza umwagiliaji kwa kiasi kikubwa. Miji mingi ya eneo hili huweka mipaka ya siku na saa za kutumia mashine za kurushia maji. Ulizia ofisi ya mji wako.

Kabla ya kwenda jikoni, neno la tahadhari kwa wale tuliokulia kijijini. Utaona mchicha pori ukiota kando ya barabara na mashamba ya pamba, mrefu kuliko mtu. Ni mchicha kweli, na wakulima wa pamba wanauchukia kwa kuwa umekuwa sugu kwa dawa za magugu. Ndiyo sababu usiuchume: huwezi kujua umepuliziwa nini. Mnavu ndio hatari zaidi. Texas ina mimea ya porini ya jamii ya mnavu, yenye maua ya zambarau na vitunda vya njano, ambayo ina sumu. Panda mnavu wako kwa mbegu unazozijua.

Jikoni, fedha nyingi huokolewa na sufuria ya maharage. Nusu kilo ya maharage makavu hutoa maharage yaliyopikwa sawa na takriban makopo 4 ya dukani, bila chumvi usiyoitaka, na hilo la chumvi lina uzito kwa mwenye shinikizo la damu. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya. Lakini sikiliza hili vizuri, hasa wewe uliyepewa zawadi ya lile jiko la umeme linalopika polepole kutwa nzima. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo joto dogo haliiui. Yachemshe kwanza juu ya jiko la kawaida, yatokote kwa nusu saa, ndipo uyahamishe. Watu wamejikuta wakitapika kwa kudhani kwamba saa nane za moto mdogo ni sawa na nusu saa ya moto mkali.

Mtindi nao ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Pasha galoni moja ya maziwa, karibu lita 3.8, mpaka yakaribie kuchemka, nyuzi 82 kama una kipimajoto. Yaache yapoe mpaka uweze kuvumilia kidole ndani kwa kuhesabu hadi kumi. Koroga vijiko vichache vya mtindi wa dukani usio na sukari ulioandikwa kuwa na bakteria hai, funika, vungia sufuria katika blanketi, na uache usiku mzima. Asubuhi una karibu galoni nzima ya mtindi kwa bei ya maziwa, na vijiko vichache unavihifadhi kwa kuanzishia mara ya pili.

Majani yanapozidi, kama yatakavyozidi mwezi Juni, yagandishe. Chovya mchicha katika maji yanayochemka kwa dakika 2, sukuma wiki dakika 3, kisha utie mara moja katika maji ya barafu, kamua, funga mafungu ya mlo mmoja mmoja na uweke katika friza. Usijaribu kuyatia katika chupa na kuyachemsha kwa sufuria ya kawaida ili kuyahifadhi kabatini. Mboga zisizo na tindikali zikihifadhiwa hivyo zinaweza kuzalisha sumu ya botulini, ambayo haina harufu wala ladha na huua.

Oktoba inapokaribia, acha miche miwili mitatu ya mchicha isikatwe. Itarefuka na kutoa mashuke. Yakianza kukauka, yakate, yapige juu ya gazeti, pepeta, na uweke mbegu katika bahasha yenye tarehe mahali pakavu. Shuke moja lina mbegu maelfu, ndogo kama punje za mchanga. Hizo zitapandwa Aprili ijayo bila kununua kitu, na zitakazobaki zitatosha kumgawia jirani, ambaye huenda akakurudishia miche ya rau đay.